Skana Niliyoipandisha Basi la Kibondo

Daftari langu la kazi ninalo mpaka leo, na ukilifungua utadhani ni la mtu wa ghala la mazao, maana kila mstari una maharage. Siyo ya kula, ya kuchora. Mie nilisoma mpaka darasa la tatu kule Heru Juu, Kiingereza sikukigusa. Sasa kompyuta ya Linux ina siku zake inataka uiandikie maneno kwenye dirisha jeusi, na yale maneno hayataki yashikane wala yaachane ovyo. Mwandiko wangu unatambaa, huwezi kujua wapi nimeacha nafasi na wapi mkono umechoka tu. Ndo nikaanza kuchora haragwe kila penye nafasi. Ukiona haragwe, bonyeza kile kitufe kirefu cha chini, mara moja, endelea. Wenye vyeti walinicheka sana. Lakini wao walikuwa wanakosea nafasi, mie hapana.

Nawaambia nyie mnaoanza kazi za steshenari, mnaoingia dukani asubuhi na simu mkononi mkidhani kila kitu kipo humo ndani. Vingine vipo, sikatai. Vingine vipo chini ya mashine, na mtaona.

Mie sikuajiriwa kushika kompyuta. Bwana Hamadi, mwenye steshenari pale Kasulu mjini, mtu ambaye kwao ni Tanga, aliniajiri kufagia, kuchota maji na kuchemsha chai ya tangawizi. Kulikuwa na binti wa kushika skana. Akaolewa Kakonko, akaondoka wiki ileile, na wateja wamejaa hapo nje na vyeti vyao kwenye bahasha. Nikamwambia Bwana Hamadi kwamba miaka miwili nimefagia miguuni kwa yule binti, na kila kidole chake najua kilikuwa kinakwenda wapi. Akanitazama kama anayepima kitambaa, akasema nikae. Kiti chenyewe kilikuwa cha magurudumu, kinazunguka. Nilikuwa na miaka hamsini na nane na sijawahi kukalia kitu kitamu vile. Siku ile ya kwanza nilizunguka mpaka chai ikaniungulia.

Mtauliza Linux ilifikaje Kasulu. Ililetwa na flashi za wateja. Kila flashi ilikuja na virusi vyake kama mbwa na viroboto, na kompyuta za duka zikawa zinakufa kila mwezi. Akaja Fundi Nestori kutoka Kibondo, akafuta kila kitu, akaweka Linux, ule mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, na virusi vikawa vinaingia havioni pa kukaa. Ila ukipata hiki unakosa kile. Skana ukiinunua, ile sidii ya ndani ya boksi haikuwa ya Linux. Draiva ukaitafute mwenyewe. Na draiva, kwa asiyejua, ni mkalimani. Skana ina lugha yake, kompyuta ina lugha yake, mkalimani asipokuwepo watakaa wanatazamana mpaka duka linafungwa.

Huyu Fundi Nestori ndiye aliyenifundisha. Muha mwenzetu, mrefu, maneno yake machache. Akija anakaa kwanza, anaomba maji, na kompyuta haigusi mpaka bilauri iwe tupu. Siku moja aliniuliza, kwetu Heru Juu tunasalimianaje. Nikamshangaa, maana na yeye ni Muha, anajua. Nikamjibu: unapiga makofi, unasema mwakeye, unauliza wa nyumbani, unauliza watoto, unauliza ng'ombe, unauliza shamba.

"Unaweza kuanza na ng'ombe?" akaniuliza.

"Watadhani nimekuja kuwaiba."

"Basi na skana ni hivyohivyo, mama. Isalimie kwa mpangilio. Usirukie ng'ombe."

Akanipa maswali matatu, nikayachorea maharage yake. Swali la kwanza: je, kompyuta inauona waya? Unaandika lsusb, inakupa orodha ya vyote vilivyochomekwa. Skana ikiwemo, waya mzima. Isipokuwemo, usihangaike na draiva, badilisha waya, badilisha tundu, na ondoa kile kigawanyio cha matundu manne mnachokipenda, chomeka kwenye kompyuta moja kwa moja. Skana nyingine inakula umeme wa kompyuta yenyewe, sasa ukiigawia chakula na panya na kibodi na simu ya mtu, itashiba na nini?

Swali la pili: je, mkalimani yupo? Hapo unaandika scanimage, haragwe, kakistari, na L kubwa. Ikijibu jina la skana, yupo. Ikisema haijaona kitu wakati waya inauona, basi ndo sasa utafute draiva, siyo kabla.

Swali la tatu: je, inakutambua wewe, au inamtambua bosi peke yake? Linux ina bosi, ukiweka neno sudo mbele unaongea kwa sauti ya bosi. Skana ikikubali kwa sudo na ikakataa bila sudo, draiva ni nzima, wewe ndiye huna ruhusa. Jina lako linaingizwa kwenye kundi la wenye ruhusa ya skana. Halafu, na hapa vijana wengi wanakwama wanarudia draiva bure, lazima utoke kabisa kwenye kompyuta uingie upya. Ukishapewa ruhusa ukiwa ndani, hawakujui bado. Toka nje, bisha hodi, ndipo watasema karibu.

Kwenye hilo kundi ndipo nilipofanya kosa langu la kwanza kubwa. Ile amri ina kiherufi a kidogo, kinachomaanisha ongeza. Mie nikakiruka, nikaona ni kachafu ka karatasi. Kompyuta haikuniongeza. Ilinitoa kwenye makundi yote niliyokuwemo ikaniacha kwenye kundi la skana tu, kama mwanamke aliyeolewa halafu kwao wakamfuta. Nilikuwa na ruhusa ya skana na sina ruhusa ya kitu kingine chochote. Fundi Nestori ilibidi apande basi kutoka Kibondo. Alikunywa maji yake, akarekebisha, akachukua kalamu akakizungushia kile kiherufi duara mara tatu. Lile duara bado lipo.

Sasa mwaka elfu mbili na kumi na tatu, Bwana Hamadi akafungua duka la pili, huko Kibondo. Kiti changu cha Kasulu alikuwa amempa mpwa wake aliyetoka Tanga, binti mzuri tu, sina neno naye. Akaniambia bila kuzungukazunguka. Duka la Kibondo lina kompyuta mpya, Linux imeshawekwa, skana haipo. Nichukue skana yetu ya zamani ya Kasulu, pale ataweka mpya, niende nayo Jumatano. Huko nitamkuta Aneth, dada mwenye cheti cha kompyuta kutoka Kigoma mjini. Yeye Bwana Hamadi atafika Jumamosi. Skana ikiwa inasoma karatasi, kiti cha Kibondo atapewa aliyeifanya isome. Ikiwa Aneth ndiye, basi mie nitarudi Kasulu kwenye ufagio na chai.

Chai naijua kuchemsha, siyo aibu. Lakini nilishazoea kuzunguka.

Jumanne jioni nikaiandaa skana. Nikafunga kila cha kufungwa kama Fundi Nestori alivyowahi kunielekeza siku za nyuma, nikaizungushia kitenge mara mbili, nikaitia kwenye boksi lake, nikalifunga kwa mkanda wa kanga kuukuu. Jumatano nikapanda basi, nikaipakata mapajani njia nzima. Ile barabara mnaijua ilivyokuwa: mashimo na vumbi jekundu, unapanda mweusi unashuka tofali. Kondakta akataka niiweke juu na magunia ya maharage. Nikamwambia mtoto hapandi juu. Kufika stendi ya Kibondo nikatengeneza ngata, nikaitwika, nikaenda nayo kichwani mpaka dukani, polepole, haikutikisika; ingekuwa imejaa maziwa yasingemwagika.

Aneth nilimkuta mlangoni. Umri wake kama wa binti yangu wa mwisho, amevaa miwani, amesimama kama mtu aliyeambiwa anakuja mtu mwingine. Akaniamkia shikamoo bibi vizuri kabisa. Halafu akaitazama ngata.

"Umekuja nayo kichwani?"

"Ulitaka nije nayo mfukoni?"

Hatukupendana siku ile, tuseme ukweli.

Nikaanza salamu zangu. Swali la kwanza, waya: kompyuta inauona. Swali la pili, mkalimani: hayupo. Nikatoa flashi yenye draiva ya Kasulu, ikakataa kuingia. Aneth akaisoma ile sentensi akasema draiva yangu ni ya kompyuta za aina ya zamani, hii mpya inataka ya aina yake. Akaishusha kwa modemu. Mtandao ulikuwa unapatikana dirishani tu, kwa hiyo modemu tukaining'iniza kwenye nondo za dirisha kama nyama ya kukausha. Ikaingia, na bado scanimage ikasema haioni kitu. Hapo Aneth alinifundisha jambo na mie nikalichorea maharage. Alitafuta lile faili la draiva limekwenda kujiweka wapi, akakuta limekaa kwenye folda ambayo Linux za zamani zilikuwa zinatazama, wakati hii mpya inatazama folda nyingine. Mkalimani alikuwa amefika mjini, ila amelala nyumba ya jirani. Aneth akaweka kibao cha kuelekeza kutoka folda mpya kwenda ya zamani. Jina la skana likatokea. Nikapiga makofi, yale yetu ya kusalimia, na yeye akacheka kabla hajakumbuka kwamba hatupendani.

Swali la tatu nikajibu mie. Kwa sudo ilikubali, bila sudo ilikataa. Aneth akawa ameshashika panya anataka kuondoa draiva aanze upya. Nikamwambia atulie, nikafungua daftari, nikaandika ile amri na kile kiherufi cha duara tatu, tukatoka tukabisha hodi. Ikakubali. Akalitazama lile daftari.

"Haya maharage ni ya nini?"

Nikamwambia. Hakunicheka.

Basi Jumatano jioni tukaweka karatasi, tukabonyeza. Skana ikapiga kelele ambayo sijawahi kuisikia: krrr, krrr, krrr, kama mashine ya kusaga iliyokosa mahindi. Halafu kimya. Kompyuta ikasema kuna kosa kwenye kifaa. Haikusema kosa gani. Linux ina tabia hiyo, inakwambia nyumbani kuna mgonjwa, haikwambii nani.

Aneth akasema ni draiva. Alhamisi kutwa akaiondoa na kuiweka, kuiondoa na kuiweka. Akatafuta nyingine, akaweka hiyo. Krrr. Mie nikarudia maswali yangu matatu, moja, mbili, tatu, yote yanajibiwa vizuri, na bado krrr. Tukampigia Fundi Nestori, kumbe yuko msibani Nyabibuye, simu haipatikani. Ijumaa nikamwambia Aneth tuiache ipumzike.

"Bibi, hii siyo mihogo ya kuloweka," akasema. "Ukiiacha haiivi."

"Na wewe unaifukua kila saa kuangalia kama imeota."

Baadaye, bila kunitazama, akasema kesho bosi akija atamweleza kitu kimoja tu: draiva ni sahihi, skana imeharibikia njiani, kichwani kwangu. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa amechoka, macho mekundu, na yeye kile kiti alikihitaji kama mie. Nami nikaanza kujishuku, maana usiku wa kuamkia safari sikulala vizuri, na mtu asiyelala vizuri hana uhakika na mikono yake.

Jumamosi karibu na adhuhuri Bwana Hamadi akaingia, kanzu imegeuka udongo. Nikamfanyia kama tunavyomfanyia mtu yeyote aliyetoka njiani. Simuulizi mtu huyo habari za nyumbani wala za ng'ombe. Namwambia pole na safari, namuuliza mmefikaje, nampokea mzigo. Nikasema hayo, nikashika begi lake begani, na mkono ukabaki hapo hapo juu ya begi.

Akaniuliza kama naumwa. Nikasema hapana. Akasema anakwenda msikitini, akirudi ataitazama skana. Akatoka.

Mnaona? Maswali matatu ya Fundi Nestori ni ya mashine iliyokaa nyumbani. Na yetu ilikuwa mgeni. Siku tatu tunaiuliza habari za mkalimani na ruhusa, hakuna hata mmoja aliyeiuliza habari za safari. Hakuna aliyempokea mzigo.

Nikachomoa waya, nikaigeuza kifudifudi. Chini, kwenye kona, kuna kakufuli kadogo ka kuzungusha, na mchoro wa kufuli pembeni. Kanashika ile taa ya ndani isigongegonge njiani. Nilikafunga mie mwenyewe Jumanne kwa ukucha wangu, kama Fundi Nestori alivyonielekeza, na alinielekeza pia kukafungua nikifika, hilo la pili ndo basi limelidondosha kwenye shimo mojawapo. Zile siku tatu taa ilikuwa inataka kutembea na imefungwa mguu. Nikakazungusha. Nikachomeka waya, nikabonyeza. Taa ikatembea mpaka mwisho ikarudi, na karatasi ikatokea kwenye kioo cha kompyuta, nyeupe, safi. Aneth alikuwa ameinamisha kichwa mezani, akakiinua.

"Umefanya nini?"

Nitawaambia ukweli kwa sababu nimeshazeeka. Nilikuwa na jibu tayari. Nilitaka kusema nimebadilisha neno moja kwenye dirisha jeusi. Aneth asingejua. Skana alizojifunzia zilikuwa za kisasa, hazina hako kakufuli. Nikamwambia ngoja kwanza.

Bwana Hamadi akarudi, akaona karatasi, akauliza nani kaiponya. Aneth akajibu palepale kwamba ni bibi. Angeweza kunyamaza na yeye. Bwana Hamadi akamgeukia.

"Na wewe siku tatu na cheti chako, bando langu lote, ulikuwa unafanya nini?"

Yule binti akatazama chini. Nikaona kiti kinakuja kwangu, kinazunguka chenyewe.

"Bwana Hamadi," nikasema, "skana haikuwa inaumwa. Ilikuwa imefungwa kufuli. Nilifunga mie Kasulu, nikasahau. Na draiva aliyeiweka ni Aneth. Bila yeye, hata ningeifungua, isingeongea."

Akakaa. Akaomba maji, akanywa yote.

"Kwa hiyo umefunga wewe, umefungua wewe."

"Ndiyo."

"Na katikati hapo amefanya kazi huyu."

"Ndiyo."

Akasema basi kiti ni cha Aneth, na mie nitarudi naye Kasulu Jumatatu. Hakukosea. Mtu anayejua kumtafuta mkalimani ni adimu kuliko mtu anayejua kufungua kufuli. Nikaanza kukunja kitenge changu.

Aneth ndiye aliyesema kwamba sawa, atakaa, lakini bibi abaki wiki moja amuandikie yale maharage. Bwana Hamadi akauliza maharage gani. Aneth akamwambia ni mambo ya kazi.

Ile wiki moja ilikwisha mwaka elfu mbili na kumi na tano. Niliandika daftari lake, halafu akaja mteja huyu, halafu ikaja kompyuta ile, mara nina kiti changu cha mbao pembeni. Cha magurudumu tulikuwa tunapokezana, asubuhi yeye, mchana mie, na mchana wangu ukirefuka mpaka jioni simkumbushi. Fundi Nestori alipopita na kusikia habari ya kufuli alikunywa maji yake, akasema tu kwamba maswali yake ni manne sasa.

Mwaka huo, kabla sijaondoka kazini, duka lilihama kutoka stendi kwenda upande wa sokoni. Hatua mia mbili tu. Aneth aliibeba skana mwenyewe, kwa mikono, akasema kichwani hataki. Mie nilikuwa nimetangulia kwenye duka jipya nafagia, maana kulikuwa na vumbi la mafundi na ufagio sikuwahi kuuacha kabisa. Nilikuwa nyuma ya mlango, hakuniona. Akaiweka mezani. Hakuchomeka waya. Akaigeuza kwanza, akainama, akakazungusha kale kakufuli kwa ukucha.

"Pole na safari," akaiambia.

Halafu ndo akachomeka waya.